Somo la Wanachama: Udongo, Mbolea na Ubora wa Punje za Soya

Katika vitongoji vya pembeni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke hadi Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, soya hujulikana zaidi ghalani kuliko shambani. Wanaoihitaji ni wafugaji wa kuku, ambao huichanganya na mahindi, pumba na dagaa, na akina mama wanaosaga unga wa lishe. Wanaoilima ni wachache, na baadhi yao hulima nje ya mipaka ya mkoa, huko Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo. Zao hili si geni nchini. Wajerumani walilijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907. Lakini sehemu kubwa ya soya ya Tanzania hulimwa nyanda za juu za kusini, hasa Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya. Tangu Oktoba 2020, China ilipofungua soko lake kwa soya ya Tanzania, mnunuzi wa Mbagala hushindania gunia na wanunuzi wa ng'ambo. Yafaa basi ajue anacholipia.

Leja ya chama ina safu ya tarehe, ya jina la mwanachama, ya idadi ya magunia, ya kilo na ya bei. Haina safu ya kilichomo ndani ya punje. Tuchukue magunia mawili, kila moja la kilo 100, yaliyokauka sawasawa na kupepetwa sawasawa. Soya ya gunia la kwanza ina protini asilimia 40, na ya gunia la pili asilimia 34. Mizani haitaonyesha tofauti, wala jicho halitaiona, nayo bei itakuwa moja. Hata hivyo mfugaji aliyepewa gunia la pili amepungukiwa kilo 6 za protini. Chama kikinunua magunia 50 ya namna hiyo, wanachama wamepoteza kilo 300 za protini, na hasara hiyo haitaonekana katika kitabu chochote. Itaonekana bandani, mayai yatakapopungua. Hapo mfugaji atalaumu mbegu ya kuku, au dawa, au joto la Februari, na huenda akamlaumu jirani.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika aina ya mbegu, na sehemu nyingine katika mvua iliyopatikana wakati maganda yakijaa. Lakini sehemu ambayo mkulima na chama chake wanaweza kuitengeneza kwa mikono yao hutoka katika udongo na katika mbolea. Sehemu hiyo ndiyo somo hili.

Punje kavu ya soya huwa na protini kati ya asilimia 36 na 40 hivi, na mafuta kati ya asilimia 18 na 20. Mahindi, kwa kulinganisha, huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10 tu. Protini hujengwa kwa naitrojeni, na maabara nyingi huipima kwa kupitia naitrojeni hiyo hiyo. Njia ya kupima iliyobuniwa na Mdenishi Kjeldahl mwaka 1883 hutafuta naitrojeni iliyomo katika punje, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25 ili kupata protini. Kwa hesabu hiyo, tani moja ya punje kavu yenye protini asilimia 40 ina kilo 400 za protini, nazo zimebeba kilo 64 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa maneno mengine, ndani ya kila tani ya soya mna naitrojeni ya karibu mifuko mitatu ya yurea.

Mwanachama akiona hesabu hii, fikra ya kwanza humjia mara moja: chama kiagize yurea. Hapo ndipo fedha nyingi za mikopo ya pembejeo zinapoweza kupotea.

Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa viumbe wadogo wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Viumbe hao ni bakteria. Mmea huwapa sukari inayotengenezwa na majani, nao huupa mmea naitrojeni waliyoinasa. Soya iliyo katika hali njema hupata nusu au zaidi ya naitrojeni yake kwa njia hiyo. Ni mapatano, na kama mapatano yote, hudumu maadamu kila upande unamhitaji mwenzake. Mmea uliomwagiwa yurea hauoni sababu ya kuwalisha vibarua. Vinundu huwa vichache na vidogo, na vingine havitokei kabisa. Katika mwezi wa kwanza shamba hupendeza na majani hukolea kijani. Lakini soya huhitaji naitrojeni nyingi zaidi baadaye, maganda yanapojaa, na wakati huo yurea iliyowekwa katika mchanga wa Mbagala au Chamazi imekwisha kuchukuliwa na mvua za masika kwenda chini isikofikiwa na mizizi. Mmea hubaki bila mbolea na bila vinundu. Punje zinazovunwa hapo ni za protini haba, na mkulima hubaki na deni la yurea.

Jambo hili laweza kukaguliwa bila maabara. Katika majuma ya sita hadi ya nane, mmea unapoanza kutoa maua, mkulima achimbe miche kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Asiing'oe kwa kuivuta, kwa sababu vinundu hukatika vikabaki ardhini. Aisukutue mizizi majini, kisha apasue vinundu kwa wembe. Kinundu chenye rangi nyekundu au ya waridi ndani kinafanya kazi. Kilicho cheupe hakijaanza kazi, au ni cha bakteria wasiofaa. Kilichogeuka kijani au kijivu kimekwisha. Bwana Shamba akifika siku hiyo ni vema, lakini hata asipofika, wembe hausemi uongo.

Vinundu visipoonekana ingawa yurea haikutumiwa, huenda bakteria wanaohusika hawamo katika udongo. Mashamba ya pwani yamezoea kunde na choroko, na bakteria wa kunde hawapokelewi na kila aina ya soya. Baadhi ya aina, kama Magoye ya Zambia na zile za TGx zilizokuzwa na taasisi ya utafiti ya IITA huko Ibadan, Nigeria, zina uwezo wa kushirikiana na bakteria wenyeji. Aina nyingine zahitaji chanjo ya mbegu, yaani unga wenye bakteria hai unaochanganywa na mbegu siku ya kupanda. Neno hai hapa si la pambo. Katibu akiipokea chanjo hiyo na kuiweka katika stoo ya mabati, juu ya mifuko ya mbolea, hadi mvua zitakapoanza, atawagawia wanachama vumbi lililokufa, nao watakatwa fedha kamili. Ihifadhiwe mahali pa baridi na giza, iangaliwe tarehe yake ya mwisho, na mbegu iliyochanjwa ifukiwe bila kukaa juani.

Vibarua hawa wa mizizini hula sana, na chakula chao hakiwezi kutengenezwa wala kusafirishwa bila fosforasi. Upungufu wa fosforasi kwa hiyo hudhuru mara mbili. Mmea wenyewe hudumaa, na vinundu hukosa nguvu, hata protini ya punje ikapungua. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi kwa soya ni karibu mfuko mmoja wa kilo 50 wa TSP kwa ekari, uliowekwa wakati wa kupanda, kando kidogo ya mbegu na chini yake. DAP nayo yafaa, kwa kuwa naitrojeni yake ni asilimia 18 tu na haitoshi kuvunja mapatano ya mizizini ikitumiwa kwa kiasi hicho. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, hufanya kazi vizuri katika udongo wenye tindikali, nayo huongeza kalsiamu pia. Katika udongo usio na tindikali huyeyuka polepole mno, na mwanachama aweza kudhani ameuziwa mchanga. Ndiyo maana si haki kuagiza mbolea ya aina moja kwa wanachama wote kabla ya kuupima udongo wao.

Potasiamu ndiyo iliyosahauliwa. Wakulima wengi huijua NPK kwa jina, lakini herufi ya mwisho hawaiulizi. Tani moja ya punje za soya huondoka shambani na karibu kilo 20 za potasiamu, zikihesabiwa kwa namna ya lebo ya mfuko, na udongo wa kichanga hauna akiba ya kulipia deni hilo mwaka baada ya mwaka. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni. Punje hukunjamana, hupoteza ulaini wake, na hushambuliwa zaidi na kuvu, hasa ile iitwayo fomopsi, ambayo huzipa utando mweupe kama chokaa. Maafisa wa ghala wanazijua punje hizo. Wengi huzihesabu kuwa zimelowa tu, na kweli mvua wakati wa kuvuna huleta kuvu. Lakini udongo maskini wa potasiamu humfungulia mlango.

Yapo mambo hapa ambayo mnunuzi lazima ayapime kwa haja yake. Mmea uliopata potasiamu ya kutosha huelekea kuongeza mafuta katika punje, na mafuta yakipanda, protini kwa kawaida hushuka kidogo. Mkamuaji wa mafuta atafurahi. Mwenye kuku hatalalamika sana, kwa sababu punje zimejaa na hazina kuvu. Lakini anayedhani kwamba punje kubwa ndiyo yenye protini nyingi anajidanganya. Ukubwa ni jambo moja, protini ni jingine.

Njia rahisi ya kupunguza deni la potasiamu iko mikononi mwa mkulima. Mabua na maganda yaliyobaki baada ya kupura yana potasiamu nyingi. Yarudishwe shambani. Wanaoyachoma hubakiwa na potasiamu ndani ya majivu, lakini naitrojeni na sehemu kubwa ya salfa hupanda angani na moshi.

Salfa hiyo inastahili maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo cheti cha maabara chenyewe chaweza kumpotosha Katibu. Protini si kitu kimoja. Ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya aina nyingi, na matofali mawili kati ya hayo, methionini na sisteini, hayawezi kufyatuliwa bila salfa. Soya hata katika hali njema huwa na methionini kidogo, nayo methionini ndiyo tofali ambalo kuku hulikosa kwanza katika chakula cha mahindi na soya. Mmea ukipata naitrojeni ya kutosha lakini ukakosa salfa, hauachi kutengeneza protini. Hujaza punje kwa aina ya protini isiyohitaji salfa, na hupunguza ile iliyo na salfa nyingi. Jumla ya protini yaweza isibadilike sana. Maabara itapima naitrojeni, itazidisha kwa 6.25, itaandika asilimia 38, na cheti kitapigwa mhuri. Hakuna aliyedanganya. Lakini kuku watakaolishwa soya hiyo watataga mayai madogo, na manyoya yao hayatakaa vizuri, mpaka mfugaji aongeze dagaa au anunue methionini ya dukani. Gharama hiyo ya ziada ilianzia shambani, kwa kukosa kirutubisho ambacho soya hukihitaji kwa kiasi kidogo tu kikilinganishwa na naitrojeni.

Kwa nini salfa ikosekane? Zamani ilikuja ndani ya mbolea nyingine bila kutajwa. Salfeti ya amonia, ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la SA, ilikuwa na salfa asilimia 24, na kiwanda cha mbolea cha Tanga kiliitengeneza kabla ya kufungwa mwaka 1991. Superfosfeti ya kawaida huwa na salfa ya asilimia 11 hadi 12. Yurea haina kabisa, na TSP na DAP zina kidogo sana. Mkulima aliyehama kutoka SA na superfosfeti kwenda yurea na TSP alipata mbolea nzito zaidi kwa kila mfuko, na wakati huo huo aliacha kutia salfa bila kujua. Mashamba yaliyo karibu na bahari hupata kiasi kidogo kwa mvua, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi zenye salfa. Mashamba ya bara hayana bahati hiyo, na soya tunayoinunua hutoka bara. Jasi, inayochimbwa Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida, ina salfa na kalsiamu pamoja. Inafaa pale ambapo kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu.

Juu ya virutubisho vidogo hakuna haja ya kusema mengi. Molibdenamu huhitajika na bakteria wa vinundu kwa kiasi kidogo mno, nayo hufungwa katika udongo wenye tindikali kali. Mara nyingi chokaa peke yake huifungua. Chokaa isizidi, hasa katika mchanga, maana ikizidi huifunga zinki. Zinki ya punje ina maana kwa akina mama wa unga wa lishe, kwa sababu watoto wanaihitaji.

Wafugaji wa Temeke na Kinondoni wana mali nyingine ambayo baadhi yao hulipa ili ichukuliwe: samadi ya kuku. Ina naitrojeni, fosforasi, potasiamu na salfa. Kwa soya, hata hivyo, samadi mbichi iliyorundikwa shambani msimu wa kupanda hufanya kosa lile lile la yurea, kwa kuwa naitrojeni yake hutoka haraka. Utaratibu ulio bora ni kuiozesha vizuri na kuiweka kwenye mahindi. Mahindi yatakula naitrojeni, na soya itakayofuata itakuta fosforasi na sehemu ya virutubisho vingine vimesalia. Vyama vinavyopeleka malori kufuata soya mikoani na kuyarudisha huko matupu vingefanya vema kukokotoa kama samadi iliyokaushwa hailipi nauli yake.

Sasa kuhusu kazi ya ofisi. Udongo wa mwanachama anayelima uchukuliwe sampuli kabla ya msimu, si baada ya mbolea kuwekwa: machimbo 15 hivi yaliyotawanyika katika ekari, kina cha sentimita 20, yakachanganywa ndani ya ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, kisha nusu kilo ikapelekwa maabara. Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuna wataalamu wa udongo. Maabara iombwe kupima salfa pia. Isipoombwa huenda isiipime. Kwa upande wa punje, bambo lichomwe katika magunia ya pande zote za rundo, juu, kati na chini, wala si yale matatu yaliyo mlangoni ambayo mwuzaji ameyatanguliza. Punje zilizopatikana zichanganywe, zigawanywe robo nne, robo mbili zinazotazamana zichukuliwe, na zigawanywe tena hadi ibaki kilo moja. Unyevu usizidi asilimia 13. Wafugaji wakumbushwe kwamba soya mbichi, hata iwe na protini nzuri namna gani, ina kitu kinachozuia usagaji wa protini tumboni, na lazima ipitishwe motoni kabla ya kulishwa kuku.

Safu mbili zaongezwa katika leja: asilimia ya protini, na mahali soya ilikotoka pamoja na mbolea iliyotumiwa. Mwuzaji wa kwanza atashangaa kuulizwa alitumia mbolea gani. Wa kumi atakuwa na jibu tayari.

Kwa vikundi vya masomo, maswali haya yajadiliwe katika kikao kijacho. Chama kimepewa bei mbili: soya ya protini asilimia 40 na soya ya asilimia 35 iliyo nafuu kwa sehemu moja ya kumi. Ipi ni rahisi kwa kila kilo ya protini? Mwanachama amechimba miche kumi na kukuta vinundu vyeupe vitupu. Je, aulizwe nini kuhusu mbegu, chanjo na stoo kabla ya kuambiwa anunue mbolea? Na katika oda ya pembejeo ya msimu uliopita, yurea iliyoandikwa kwa ajili ya soya ilikuwa mifuko mingapi, na nani aliiomba?